Mwanamke Juu ya Nyumba

Luc alimwona. Hilo Kahindo hakuwa na shaka nalo, maana macho yao yalikutana yakakaa kidogo, kisha ya Luc yakateremka chini kama ya mtu aliyeangusha ufunguo. Mengine yote ya asubuhi ile hayakumwingia akilini.

Hakuelewa Luc alikuwa akitafuta nini kwenye nyumba ya mteja mpya, huku mtaa wa Himbi, Goma. Hakuelewa kwa nini amevaa koti la Jumapili siku ya kazi, wala kwa nini wazee aliokuja nao, wenye kofia na fimbo zao, walisimama uani wote wameinua vichwa wakimtazama yeye. Kahindo alikuwa juu ya zege linalofunika mlango wa mbele, suruali ameikunja hadi magotini, ndoo kando yake, mpira wa kukaushia vioo mkononi. Maji ya sabuni yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alitaka kuwaamkia kwa heshima, lakini utawaamkiaje wazee kwa heshima wakiwa chini ya miguu yako?

"Mwanamuke juu ya nyumba," alisema mzee mmoja mrefu, polepole, kama anasoma maandishi yaliyofutika. "Juu ya nyumba yangu mimi!"

Kumbe huyo ndiye mwenye nyumba. Kahindo akamtolea tabasamu lake la kazi.

"Jambo papa! Madirisha ya chini nimeisha maliza. Inabakia tu haya ya juu."

Nyuma ya migongo ya wazee akachomoza Mama Mukashyaka, mama yake Luc, amevaa kitenge kipya na uso unang'aa kama wa mtu aliyealikwa harusini.

"Njo huyu nilikuwa nawaambia," aliwaambia wazee. "Anaoshaga muzuri sana. Muangalie tu vile anapandaka."

Na Luc? Luc yule yule aliyemwambia juzi kwenye simu kwamba hapati usingizi bila kusikia sauti yake, alikuwa anakagua viatu vyake. Viatu vilikuwa safi. Hapakuwa na cha kukagua.

Wazee waliingia ndani wakipanda ngazi za nyumba kuelekea saluni ya juu, sebule ya wageni, na Kahindo akabaki na mpira wake mkononi. Kutoka upande wa Kibumba, kwenye vita, mzinga ukalia, vioo vikatetemeka ndani ya fremu zake, kisha vikatulia. Yeye hakutulia.

Kazi hii aliianza mwenyewe. Kabla ya volkano alikuwa anauza vitenge sokoni Virunga. Mlima ulipopasuka, mji mzima ukakimbilia Sake, na huko ndiko alikokutana na Luc, mwalimu wa hesabu aliyekuwa amekaa kando ya barabara akiwagawia watu wasiomjua maji ya kunywa huku yeye mwenyewe midomo imemkauka. Kahindo alimwambia, "Kunywa na wewe basi, mwalimu." Akanywa. Mambo yao yalianzia hapo. Waliporudi Goma, vitenge vilikuwa vimekwisha kuibiwa, na majivu yalikuwa yamenyesha juu ya kila kitu, yakashikana na mvua, yakaganda kwenye vioo mpaka watu wa ndani wakawa wanaiona barabara kama ndotoni. Kahindo alianza na dirisha la chumba chake huko Murara. Aligundua kwamba majivu yale ukiyasugua makavu yanachana kioo. Ni kuyalowesha kwanza, kuyabembeleza, kuyasubiri yaachie yenyewe. Akatengenezesha ngazi kwa fundi, akaingia mtaani.

Wateja hawakutaka hata kumsikiliza. Kila mlinda lango alimwambia nyumba ina boyi, na boyi ana mikono. Basi Kahindo akabuni ujanja. Alikwenda kwenye famasi moja kubwa, akamwomba mwenyewe ruhusa ya kumwoshea kioo kimoja tu, bure, akakiosha kikawa kama hakipo, akashukuru, akaondoka. Mwenye famasi alivumilia kutwa nzima. Kioo kile kimoja kilivifanya vingine vyote vionekane kama aibu ya ukoo. Siku ya pili yake alimpigia simu mwenyewe, karibu kwa hasira: "Kuya umalizie, mama, wateja wananicheka!"

Baada ya famasi, simu zilianza kumiminika. Mara Katindo, mara huku Himbi, mara karibu na ziwa. Kila mtu alisema kapewa namba na mama mmoja wa kanisani. Kahindo hakuuliza mama gani. Mtu aliyekaa na njaa haulizi mpishi anaitwa nani.

Sasa aliteremka kwenye ngazi yake. Luc alikuwa anamngoja nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji ya mvua.

"Nyumba ya nani hii?" Kahindo aliuliza.

"Ya baba mukubwa. Muzee Ntirenganya. Njo yeye atatangulia Jumamosi kwenda kwenu kukuomba; leo tumekuya kupanga."

Kahindo alishika ukingo wa tangi. Jumamosi! Kwa ajili ya posa hiyo mama yake alikuwa ameshaazima viti mtaa mzima.

"Luc, juu ya nini ulinyamaza pale?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Ndani ya viatu?"

Luc alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Alinyoosha mkono kumfuta sabuni kwenye shavu, na Kahindo, ingawa alikuwa na hasira ya kumrushia ndoo, alijikuta hajakwepa. Ndivyo alivyokuwa na Luc siku zote. Akili inasema hivi, shavu linasema vile.

"Kwetu mwanamuke hapandake juu ya nyumba," Luc alisema kwa sauti ya chini. "Ni kirazira. Muziro. Mwiko wa zamani, hata mi sijue vizuri unatoka wapi. Nilijua unaoshaka madirisha, lakini niliwaza unatumia muti murefu, ukiwa chini."

"Etaji nzima ya juu na muti murefu?"

"Sikuwaza sana."

"Na muzee anasema nini?"

"Anasema ushuke. Ukiachana na ngazi, Jumamosi wanakuya kwenu, hakuna shida. Ukipanda tena, hawakujui. Na hata mimi ... eti nitafute mutu mwengine wa kunitangulia."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nakupenda, Kahindo."

"Sikukuuliza hiyo."

Maji yalidondoka ndani ya tangi. Kahindo alimtazama mwanamume huyu aliyempenda kuliko vitenge vyote vya Virunga, akamwona amesimama katikati ya koti lake la Jumapili kama mtoto aliyevalishwa na mtu.

"Leo tu," Luc alisihi. "Acha haya ya juu. Tutatafuta kijana mumoja awe anapanda, wewe ubaki kuongoza kazi. Watu wa familia watakuelewa, wanakupendaka. Shangazi wa Katindo anakusifu kila siku."

"Shangazi gani?"

"Ule uliosha kwake. Na binamu wa kule ziwa."

Kahindo alihesabu kwa sauti nyumba moja baada ya nyingine, na kila alipoitaja moja, Luc aliitikia kwa kichwa, kwa unyonge, kwamba ndiyo, huyo naye ni wa kwao. Mama mmoja wa kanisani! Alihisi kama mtu aliyekuwa akitembea barabarani kwa maringo, kumbe muda wote amebebwa.

"Basi hata muteja moja hakuna wangu?"

"Famasi ni yako," Luc alisema, akidhani anamfariji.

"Mama yako njo aliwatuma wote. Juu ya nini?"

"Kukusaidia! Mama anakupenda."

"Ulimusikia pale, Luc. 'Muangalie tu vile anapandaka.' Ile ni sauti ya mutu anakusaidia?"

Ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikuwahi kumpitia Luc akilini. Kahindo alimwacha hapo hapo.

Mama Mukashyaka alikuwa kwenye jiko la uani, amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe ya wageni. Alipomwona Kahindo, uso wake wa harusi ulizimika. Hakujaribu kuuwasha tena.

"Mama," Kahindo alisema, akapiga magoti kidogo kama heshima ilivyotaka, ingawa moyo wake haukutaka. "Niambie kweli. Wateja ulinitumia ili nipate kazi, ao ili nipate aibu?"

Mama Mukashyaka aliendelea kuchambua. Alitupa haragwe zima, akaweka bovu kwenye sufuria.

"Nilikuona juu ya ile famasi," alisema hatimaye. "Nilikuwa natoka soko. Nikainua macho, nikakuona umesimama juu na suruali yako, unaimba. Moyo ukanitoka. Nikasema, kama ni mimi nitamukataza Luc, atanichukia mpaka kufa kwangu. Wacha wazee wamuone wenyewe, wakatae wao. Nikapatia huyu namba yako, nikapatia yule. Wote wa familia, wote wako na nyumba za juu."

Kahindo alihisi machozi yanamchoma puani. "Nilikukosea nini, mama?"

"Hukunikosea kitu. Ikala, mutoto wangu. Ikala."

Hakukaa. Lakini hakuondoka pia.

"Ile volkano ya kwanza, ya 2002," Mama Mukashyaka alisema, "tulikuwa tunakaa Mapendo. Baba Luc alikuwa ameenda Masisi kutafuta ng'ombe. Niko peke yangu na Luc. Moto unashuka. Watu wanakimbia, na wanaume wanapanda juu ya nyumba zao kutoa mabati, juu moto ukishakula nyumba, angalau uwe na bati. Mwanaume wangu hayuko. Nikamufunga Luc mugongoni na kitenge, nikapanda mimi. Nikayatoa yote. Mikono inatoka damu, nyuma yangu moto unawaka mwekundu, na mimi natoa mabati." Alitazama viganja vyake kana kwamba bado vinamwasha. "Njo hayo yalitujengea kibanda kule Lac Vert. Baba Luc aliporudi akatukuta chini yake, alicheka! Akanibeba. Akasema ameoa mwanaume mwenzake."

"Kisha?"

"Mvua haikuisha, akafa. Homa tu, kama watu wengi wakati ule. Siku ya kumuzika, muzee Ntirenganya akasimama mbele ya watu wote, akasema ni mimi nilimuitia kifo. Mwanamuke akipanda juu ya nyumba ya bwana, anamutafutia bwana kaburi. Tangu siku ile, kwenye nyumba hii mimi nakaaka tu hapa, jikoni."

Maharagwe yalikuwa yamemwagika mapajani mwake na hakuyaona.

"Na wewe unaamini, mama?"

"Nikiwa kanisani, hapana. Nikimuangalia Luc amelala na homa, ndiyo. Niko na mutoto mumoja, Kahindo. Mumoja tu. Nikakuona juu ya famasi, nikaona jeneza." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini sasa sikia ujinga wangu. Wale watu nilikutuma kwao, wakaanza kunipigia simu. Aksanti mama Luc, nyumba yetu imerudi mupya. Aksanti, ule binti ni wa maana. Na mimi nikawa nafurahi! Nikawa najisifu ni binti yangu. Kisha najikasirikia juu ya ile furaha, halafu nakutafutia muteja mwengine. Ukiniuliza ni aibu ao ni kazi nilikuwa nakutafutia, sijue. Kweli ya Mungu, sijue tena."

Kahindo alikuwa amekuja na hasira nzima nzima, na sasa hakujua aiweke wapi. Huwezi kumgombeza mtu anayelia juu ya maharagwe. Huwezi kumshukuru pia. Akabaki ameinama, mkono wake umeshika bega la mama yule, bila kujua nani anamshikilia nani.

"Papa alikufa na malaria," sauti ilisema mlangoni.

Luc alikuwa amesimama hapo, na ilionekana amesimama muda.

"Luc, mwanangu ..."

"Nilikuwa mugongoni," alisema Luc. "Ulinifunga mugongoni. Njo maana naotaka ule wekundu, na mimi nilifikiri ni ndoto." Aliwatazama wote wawili, mama na mchumba, kana kwamba amewakosea na hajui aanzie kwa nani kuomba radhi. Kisha aligeuka akaenda ndani ya nyumba.

"Anaenda kufanya nini?" Mama Mukashyaka aliuliza kwa hofu.

"Sijui, mama."

Na kweli hakujua. Pengine Luc alikwenda kuomba msamaha kwa wazee. Pengine alikwenda kuwaaga arudi kwao. Mapenzi ni kitu cha ajabu: unaweza kujua mtu anavyopumua akiwa amelala upande wa pili wa simu, na usijue atafanya nini akivuka mlango.

Kahindo alisimama uani akitazama madirisha ya juu. Kama akishuka leo kwa sababu ya maneno ya mzee, kesho atapanda kwa ruhusa ya nani? Hapakuwa na mtu aliyempandisha ngazi ile alipotoka Sake mikono mitupu. Lakini kama akipanda, Jumamosi viti vya kuazima vitakaa vitupu mbele ya mama yake, na Luc atakuwa wa mwingine. Na je, kama mzee anasema kweli? Aliona aibu kuliwaza hilo, lakini aliliwaza. Alimpenda Luc kiasi cha kuogopa hata upuuzi.

Madirisha yalikuwa yameloweshwa tayari. Yakikauka sasa, majivu yatashika upya na yatachana kioo. Ni hilo tu alilokuwa na uhakika nalo. Akachukua ndoo.

Alipoweka mguu kwenye ngazi, alisikia vidole vikiikamata kwa nguvu, upande wa pili. Mama Mukashyaka alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

"Mama, unaishika ili nipande ao ili nisipande?"

"Usiniulize," Mama Mukashyaka alisema, machozi yanamtoka chini ya kope. "Kama unapanda, panda mbiyo."

Kahindo alipanda.

Juu, alisimama pale pale juu ya zege, akalitazama dirisha la saluni. Ndani walikuwa wamekaa wazee, fimbo zimelala magotini, na Mzee Ntirenganya kwenye kiti kikubwa. Luc alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa anasema. Alisema sana, Luc yule asiyepata maneno, mikono inamrukaruka, mara anaonyesha mgongo wake mwenyewe, mara anaonyesha jikoni. Kioo kilikuwa kizito, hakikupitisha hata neno.

"Wanasema nini?" Mama Mukashyaka aliuliza kutoka chini.

"Sisikie, mama. Dirisha imefungwa."

"Muzee anafanya sura gani?"

"Siwezi kujua. Iko na sura moja tu ule muzee."

Mzee Ntirenganya aliinua mkono. Luc akanyamaza. Mzee alisema kitu, kifupi, na Luc akatikisa kichwa kukataa. Mzee akasema tena. Luc akakataa tena. Alipaka sabuni kioo kile kile, akakikausha, akapaka tena, na kila alipovuta mpira wake Luc alizidi kuonekana, na yeye akazidi kutoelewa. Analia au anacheka? Anamkana nani, yeye au wao?

Kisha Luc akavua koti la Jumapili. Akalikunja, akalitupa kwenye mkono wa kiti, akaja moja kwa moja dirishani. Walikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hayakuteremka. Alichukua kitambaa cheupe kilichokuwa juu ya meza ya wageni, kile cha kushonwa kwa mkono, akakikunjua mbele ya wazee wote, akaanza kupangusa kioo upande wa ndani, mahali Kahindo alipokuwa akipangusa upande wa nje.

Nyuma yake wazee walikuwa wamesimama. Mmoja alishika kichwa.

"Kahindo!" Mama Mukashyaka alipaza sauti. "Kahindo, niambie! Kuko nini huko?"

"Luc anapangusa dirisha, mama."

Chini, mama yule akaishika ngazi upya.

"Anapangusa muzuri?"

Kahindo alitazama. Luc alikuwa anazungusha kitambaa kikavu juu ya vumbi, anaeneza uchafu kila pembe, jasho linamtoka, hajui hata anachofanya, na hajawahi kuwa mzuri hivyo.

"Vibaya," alisema, na sauti ikamkatika. "Vibaya sana, mama."

Ngazi ikaanza kutikisika. Kahindo aliinama kutazama, akaona kilemba cha Mama Mukashyaka kikipanda na kushuka, mikono bado imekamata mbao kwa nguvu zote, na kutoka juu kule hakuweza kujua kama mama yule analia au anacheka.